Nakala 3,000, kanda moja

Mpigie mtu yeyote aliyewahi kuangalia picha za kauboi sekunde chache za muziki wa The Magnificent Seven, naye ataumalizia kwa mdomo. Elmer Bernstein aliutunga kwa ajili ya filamu ya John Sturges ya mwaka 1960. Uliteuliwa kuwania Oscar, ukabwagwa na muziki wa filamu ya Exodus. Mpiga gitaa Al Caiola akautoa kwa mtindo wake na ukauzika. Marlboro nao wakauchukua kwa matangazo ya sigara zao, ukawa unasikika sebuleni kwa Wamarekani mpaka sheria ilipoyaondoa matangazo ya sigara kwenye televisheni mwanzoni mwa 1971. Ulikuwa kila mahali. Pahala pekee ambapo hukuupata ni dukani, kwa namna ulivyopigwa ndani ya filamu. Hapakuwa na santuri yake. Filamu ya pili, Return of the Seven, ilipotoka 1966, United Artists walitoa santuri yenye tuni zilezile, ila zilikuwa zimerekodiwa upya. Rekodi ya 1960 yenyewe ilikaa kabatini hadi 1998, Rykodisc walipoitoa kwenye CD.

Miaka 38, kwa muziki ambao huenda ndio maarufu kuliko wote katika filamu za western za Hollywood. Sasa piga picha hali ya ule ambao haukuwa maarufu.

Ndiyo maana siwacheki wakusanyaji wa albamu za muziki wa western, japo wana vituko vyao. Mtu ananunua CD kwa dola 20 hivi, na nyuma ya kasha imeandikwa kwamba zimetengenezwa nakala 3,000 tu, au 1,500, au 1,000. Zikiisha zimeisha. Baada ya muda CD ileile iko mnadani mtandaoni kwa bei iliyopanda mara tano, na watu wanaigombania. Asiyehusika atasema huu ni ujanja wa biashara tu: adimisha bidhaa, wapandishe watu presha, vuna. Kuhusu chanzo cha jambo hili hayuko sahihi. Kuhusu mahali lilipofikia, ana haki ya kushuku. Kikomo cha nakala kiliwekwa ili muziki utoke. Baadaye wanunuzi wengi wakaanza kukipenda kikomo chenyewe kuliko muziki, na lebo, yaani kampuni zinazotoa albamu hizo, hazikuwakataza.

Chanzo kiko kwa wapiga muziki. Filamu zilipoanza kutoa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, maelfu ya wanamuziki walioajiriwa kwenye majumba ya sinema ya Marekani walijikuta hawana kazi; mashine moja ilifanya kazi ya okestra nzima. Chama chao, American Federation of Musicians, hakikusahau. Kuanzia 1942 hadi 1944, chini ya James Petrillo, kiligomea kurekodi santuri mpaka kampuni zikubali kuchangia mfuko wa wanamuziki. Mapambano ya aina hiyo ndiyo yaliyozaa utaratibu kwamba muziki uliorekodiwa kwa ajili ya filamu ukitaka kuuhamishia kwenye albamu, waliopiga wanalipwa tena. Kwa okestra ya watu 60 au 70, bili hiyo iliweza kumeza faida yote kabla albamu haijafika dukani. Siwezi kuwalaumu wanamuziki. Walishaumwa na nyoka.

Studio zilitafuta mlango wa nyuma. Mara nyingi walirekodi upya dakika thelathini na kitu za muziki mtamu na kuziita albamu ya filamu, au walitoa wimbo mmoja tu wakaachana na mengine. High Noon ya 1952 ndiyo iliyowafundisha kwamba wimbo unalipa. Dimitri Tiomkin, mzaliwa wa Kremenchuk nchini Ukraine, alitunga tuni ya wimbo ule na Ned Washington akaandika mashairi. Tex Ritter aliuimba ndani ya filamu, Frankie Laine akauimba kwenye santuri iliyouzika mno, na Tiomkin akaondoka na Oscar mbili, moja ya wimbo na nyingine ya muziki wa filamu. Kuanzia hapo watayarishaji wa western walitaka wimbo wenye maneno wa kupigwa redioni. Ule muziki mwingine, unaobeba kwato, vumbi na hofu ya mtu anayeisubiri treni ya saa sita mchana, ukabaki hauna mwenyewe.

Mambo yalianza kubadilika CD ilipoingia. Lebo ndogo zilienda kwa studio na ombi dogo: tupeni ruhusa ya nakala 3,000, tunalipa mapema, hatutawasumbua tena. Kwa studio hizo ni pesa za chai, lakini ni chai isiyohitaji kuchemshwa. Kwa upande wa wanamuziki nako kukapatikana viwango vya nafuu kwa matoleo madogo ya namna hiyo, na hesabu ikaanza kukubali. Varèse Sarabande walianzisha klabu yao ya CD mwaka 1989. Intrada ya Douglass Fake huko California ikafuata njia hiyo, na baadaye La-La Land, Kritzerland, na Quartet ya Hispania. Jarida la Film Score Monthly la Lukas Kendall, lililoanza kama kijarida cha mashabiki, nalo likafungua lebo. Albamu ya kwanza ya mfululizo wake wa Silver Age Classics, mwaka 1998, ilikuwa muziki wa Jerry Goldsmith wa Stagecoach, ile iliyotengenezwa upya 1966. Ya kufungia kazi, mwaka 2013, baada ya albamu zipatazo 250, ilikuwa The Wild Bunch ya Jerry Fielding kwenye CD tatu. Waliingia na western, wakatoka na western.

Sasa, mtu akitoa zile dola 20, ananunua nini hasa?

Muziki mwingi wa filamu za miaka ya 1950 na 1960 haukurekodiwa kwenye kanda nyembamba kama tunazozijua za kaseti. Ulirekodiwa kwenye filamu ya sumaku yenye upana wa milimita 35, yenye matundu pembeni kama filamu ya picha, na mara nyingi ikiwa na njia tatu za sauti: kushoto, katikati na kulia. Nyingi zilitengenezwa kwa asetati, nayo asetati ikizeeka huoza kwa namna yake. Hutoa tindikali, ikasinyaa, ikajipinda, na ukifungua kopo unapokewa na harufu ya siki. Uozo ukishaanza huongeza kasi wenyewe. Fundi anaipitisha kwenye mashine taratibu, akijua kwamba huenda asipate nafasi ya pili.

Na ndani ya kopo hilo hamna albamu. Kuna vipande. Sauti ya mtu inatangaza namba ya kipande na jaribio la ngapi, okestra inapiga sekunde 40, inasimama, kiti kinagongwa, wanarudia. Namba zinafuata mikanda ya filamu: kipande cha kwanza cha mkanda wa kwanza, cha pili cha mkanda wa kwanza, na kuendelea hadi mwisho wa picha. Mtayarishaji wa albamu anaiweka filamu upande mmoja na kumbukumbu za vikao vya kurekodi upande mwingine, akitafuta ni jaribio lipi lililotumika, wapi mhariri alikata, wapi mwongozaji alighairi na kuliacha tukio zima likae kimya. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa kwa ajili ya CD itakayonunuliwa na watu wachache kuliko wanaoingia kwenye uwanja wa mpira wa mkoani.

Hizo ndizo kanda zilizosalimika. MGM, karibu na mwaka 1970, waliyatupa makaratasi ya muziki wa okestra wa filamu zao kama takataka, yakaenda kufukiwa jalalani. Juni 1, 2008, moto uliteketeza jengo la hifadhi kwenye eneo la studio za Universal huko California, na umma haukujua ukubwa wa hasara ya kanda za muziki hadi The New York Times walipoiandika kwa kina mwaka 2019. Wakusanyaji wanaohesabu nakala zilizobaki dukani wangefanya vema kuhesabu makopo yaliyobaki ghalani. CD inaweza kuchapwa tena kesho asubuhi. Kanda ni moja.

Kwa kipimo hicho, mambo mengi yanayowapandisha watu hasira yanapungua uzito. Chukua ulanguzi. Penye kikomo pana mlanguzi. Sisi tuliopitia foleni za sukari na sabuni hatuhitaji semina juu ya hilo. Kuna wanaonunua nakala nne za albamu wasiyonuia kuisikiliza hata mara moja, wanaziacha kwenye nailoni zake, wanangoja duka liandike kwamba zimekwisha. Halafu lebo inatangaza toleo jipya la muziki uleule, pengine lenye sauti safi zaidi kwa sababu imepatikana kanda bora, na kilio kinaanza: tumesalitiwa, mlituahidi ni nakala 3,000 tu, thamani ya tulizonazo imeporomoka. Sina machozi ya kuwasaidia. Aliyenunua muziki bado anao muziki wake. Aliyenunua bei, basi bei hupanda na hushuka, na soko la hisa halijawahi kumwomba mtu radhi.

Ila lebo nazo zisijifanye malaika. Ziligundua mapema kwamba maneno "nakala chache" yanauza hata albamu ambayo ingedoda. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kikomo cha nakala kimekuwa miguu ya vibaya vingi. Kuna muziki wa western wa daraja la tatu, matarumbeta yanayomuiga Bernstein bila haya, uliotolewa kwa nakala 1,000 na kununuliwa wote na watu walioogopa kuukosa. Wangeusikia kabla, wengi wangetulia. Intrada, kwa mfano, walifika mahali wakaacha kuweka idadi kwenye albamu zao nyingi na kusema tu kwamba zitauzwa kadiri zinavyohitajiwa. Wako waliolalamika kwamba msisimko umepungua. Kwangu huo ulikuwa ushahidi kwamba uamuzi ulikuwa sahihi.

Idadi zenyewe zinaeleza jambo jingine ambalo wengi hawapendi kulisema. Miaka ya 1990 kawaida ilikuwa 3,000. Baadaye tukaanza kuona 2,000, 1,500, 1,200, na kwa western za zamani hata 1,000. Hapo sheria haikubadilika. Wanunuzi ndio wanaopungua. Mtu aliyemwona Gregory Peck kwenye The Big Country mwaka 1958 akiwa na miaka kumi, leo ni mzee anayefikiria ampe nani makabati yake. Vijana wanasikiliza muziki kwenye simu, na albamu nyingi kati ya hizi hazipo huko, kwa sababu ruhusa aliyolipia mwenye lebo ni ya CD tu. Muziki umeokolewa kutoka kwenye kopo ukaingizwa kwenye kasha la plastiki, na kwa msikilizaji wa miaka 20 tofauti ya makazi hayo mawili ni ndogo.

Italia ni hadithi nyingine kabisa, na ndiyo inayonifanya niamini kwamba tatizo la Hollywood halikuwa la muziki bali la mikataba. Kule, kampuni za uchapishaji wa muziki mara nyingi ndizo zilizogharimia rekodi za filamu na kubaki na kanda, na hapakuwa na ile bili ya kuwalipa wapigaji upya. Matokeo yake, muziki wa mtunzi Ennio Morricone kwa filamu za mwongozaji Sergio Leone haukuadimika kamwe. Santuri zilitoka, zikatoka tena, zikafuata CD zenye nyongeza, na Quartet wameitoa The Good, the Bad and the Ugly hadi kwenye CD tatu. Tatizo la mkusanyaji wa Morricone ni kujua aache ipi.

Na muziki wenyewe ulizaliwa kwa njia ambazo Hollywood isingezifikiria. Mjeledi na kengele za A Fistful of Dollars, ya 1964, Morricone alikwishavitumia miaka miwili nyuma alipompangia mwimbaji wa Kimarekani Peter Tevis wimbo wa Woody Guthrie uitwao Pastures of Plenty. Leone aliusikia mpangilio ule, akautaka bila sauti ya mwimbaji. Nafasi ya sauti ikajazwa na mluzi wa Alessandro Alessandroni. Kwa Once Upon a Time in the West, muziki ulitungwa kabla ya kupiga picha na ukachezwa kwenye seti, waigizaji wakitembea kwa mwendo wake. Waliokulia Dar es Salaam enzi za majumba ya sinema ya Avalon na Empire walijua mambo mawili ya uhakika: steringi hafi, na mluzi ule ukianza tu, kuna mtu anakwenda kuzikwa. Hawakuhitaji kijitabu cha kurasa 24 kuwaeleza.

Hapo naingia kwenye ugomvi wangu na wenzangu wa kambi ya "kila sekunde itolewe". Kwa The Wild Bunch niko nao. Fielding aliandika muziki ambao ndani ya filamu ya Sam Peckinpah unafunikwa na risasi, na ukiusikia peke yake ndipo unagundua ngoma za kijeshi na tuni za Mexico vinavyogombana humo tangu mwanzo. CD tatu si nyingi. Lakini kwa western nyingine, jaribio la pili na la nne la kipande cha sekunde 18 ni chakula cha watafiti, si cha wasikilizaji. Santuri ya zamani ya dakika 34 mara nyingi ilipangwa na mtunzi mwenyewe, aliyejua lini sikio linachoka. Mtunzi huyo akiwa ameamua kukata, mimi ni nani nirudishe? Lebo zenye busara huweka vyote viwili, muziki kama ulivyo ndani ya filamu, kisha santuri kama ilivyotoka zamani, na kumwachia msikilizaji uamuzi.

Kuna pia wanaodharau rekodi mpya, kwamba kama si wapigaji wa siku ileile basi ni bandia. Kwa Morricone nakubali. Mluzi wa Alessandroni na sauti ya mwimbaji wake Edda Dell'Orso havina mbadala. Kwa muziki wa okestra nabisha. Garden of Evil ya 1954, western inayotokea Mexico yenye muziki wa Bernard Herrmann, ilirekodiwa upya na Moscow Symphony Orchestra chini ya William Stromberg, na zikasikika sauti za chini, bezi na filimbi nzito, ambazo mashine za 1954 hazikuwa na uwezo wa kuzishika zote. Tadlow Music walifanya hivyohivyo mjini Prague kwa The Alamo ya Tiomkin, wakaurekodi wote mwanzo hadi mwisho. Wacheki wakipiga muziki wa Texas uliotungwa na mzaliwa wa Ukraine: atakayecheka aangalie kwanza ni nani waliopiga picha za western maarufu za Italia kwenye jangwa la Almería, Hispania.

Kinachonipa wasiwasi kwa miaka inayokuja ni wenye funguo. Fox ilimezwa na Disney Machi 2019, na MGM ikanunuliwa na Amazon mwaka 2022. Zamani mtu wa lebo ndogo alikuwa na rafiki kwenye idara ya muziki ya studio, anayejua kopo lipi liko rafu ipi. Nick Redman alikuwa mtu wa namna hiyo kule Fox; alihangaikia kanda zao tangu miaka ya 1990, na huyohuyo ndiye aliyetayarisha filamu fupi kuhusu utengenezaji wa The Wild Bunch iliyoteuliwa kuwania Oscar. Alifariki mwaka 2019. Douglass Fake wa Intrada akafariki 2024. Kampuni yenye thamani ya mabilioni haina sababu ya kibiashara ya kumtuma mfanyakazi ghalani kwa ajili ya nakala 1,000 za western ya 1957. Atakwenda tu kama yuko mwenye mapenzi, akajua wa kumwomba na akajua wa kumbembeleza.

Kwa anayetaka kuanza leo, ushauri wangu ni asianzie mnadani. The Big Country ya Jerome Moross ilirekodiwa upya na okestra ya Philharmonia ya London chini ya Tony Bremner mwaka 1988, haina namba wala masharti, na hupatikana kwa bei ya kawaida. Vayolini zinaanza kuzunguka kama magurudumu ya gari la farasi, ala za shaba zinaingia juu yake, na katika dakika tatu hivi mtu anajua kama ugonjwa huu ni wake au la. Kama si wake, ameokoa pesa za mnadani. Kama ni wake, atafute kwanza albamu zilizotoka kwenye kanda za asili ambazo bado ziko dukani, asome kwenye kijitabu sauti ilitolewa wapi na ilihamishwa vipi, kisha ndipo ageuze kasha atazame namba ya nyuma.